Nyasi ya Kengele

Mbwa wa kwetu hawabweki. Wanaguna, wanalia kama mtu aliyeanza wimbo akasahau maneno, lakini kubweka hawajui. Ndiyo maana mbwa wa kuwindia huvalishwa kengele ya mti shingoni, ili mwenyewe ajue yuko wapi ndani ya nyasi ndefu. Na kabla ya kutoka nyumbani kengele hiyo huzibwa kwa fungu la nyasi, isije ikalia kabla ya wakati wake.

Baba yangu alimchongea mbwa wake kengele kwa mkono wake mwenyewe. Mbwa alikuwa mwekundu, kifua cheupe, mkia umejikunja, na alimfuata baba hata chooni. Wakati huo baba alikuwa ameacha kazi. Utoto wangu wote alisimamia mashine ya kusaga mahindi na mihogo mjini Butembo, ile inayonguruma tangu asubuhi, na mashine ile ilikula masikio yake kidogo kidogo. Aliporudi kwao Kipese, kwenye baridi ya viazi na kabichi, alikuwa hasikii tena. Wala hakujua sauti yake ina ukubwa gani. Akikunong'oneza jambo la siri, ng'ombe wa jirani waligeuza vichwa.

Mimi nauza vitenge Butembo, kaka yangu anaishi Beni. Kila mwaka, usalama ukiruhusu, tunapanda Kipese kula Bonane, yaani mwaka mpya, kwa wazazi, na baada ya sikukuu wanaume wa ukoo na majirani huenda mlimani kuwinda kwale. Hawatumii bunduki. Kwetu mlio mmoja tu wa bunduki, hata uwe wa mwindaji, kijiji kizima kinabeba magodoro na kukimbia. Wanatumia wavu mrefu uliosimamishwa kwa miti, mbwa, na kimya.

Kimya hicho kina sheria zake. Kama mbwa si wako, humwiti, humpigii mluzi, humrushii hata mfupa. Nyasi ya kengele hutolewa na mwenye mbwa peke yake, tena pale tu mkia wa mbwa unapokaza. Kwale akisikia kengele hukimbia kwa miguu mbele ya mbwa hadi wavuni. Akisikia sauti ya mtu, anaruka. Akiruka amepita juu ya wavu, na nyinyi mnarudi nyumbani kula sombe, majani ya muhogo. Kwa hiyo toka mnapoingia kwenye nyasi mpaka wavu uanguke, watu husemeshana kwa mikono: kushoto, kulia, ngoja, wako wengi, wewe acha ujinga.

Mwaka mmoja baba ndiye aliyewaona kwale wa kwanza. Akainama kumnong'oneza kaka yangu.

"BAKO PALE!"

Kundi zima liliruka. Kaka yangu anasema hata kunguru wa bonde la pili waliondoka. Wavu ukabaki umesimama, na sisi tukala sombe.

Bonane iliyofuata, asubuhi ya kuwinda, wanaume walikusanyika uani kwetu na sura za watu waliokuja kutoa habari ya msiba. Msemaji alikuwa jirani yetu, mwenye wavu, mwalimu wa kwaya ya Waprotestanti. Mtu mwema, ila anapenda kimya kuliko makaburi, labda kwa sababu ya yale anayoyasikia kwenye mazoezi. Alisimama mbele ya baba ili baba amsome midomo.

"Papa, tunakuheshimia sana," akasema. "Mais ile sauti yako inakimbizaka bandege. Donc, imbwa iende na sisi. Weye ubakie hapa, utulindie kasiksi."

Kulinda pombe ya ndizi! Damu ilinipanda. Nilikuwa namenya viazi, nikakiweka kisu chini polepole, maana najijua.

Baba aliangalia midomo ile mpaka mwisho. "IMBWA YANGU HAPANA PIKIPIKI YA TAXI," akasema, "ETI KILA MUTU ANAPANDA!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, mbwa akaja kuegemea goti lake, na safari hii alijitahidi kushusha sauti. Ilishuka kidogo tu.

"Huku ku nyumba munasemaka, munachekaka, mi naangaliaka tu binywa. Nikiuliza, munasema: papa, tutakuelezea kisha. Hapana mutu anaelezeaka kisha. Kule ku mulima batu bote banasemaka na mikono. Kule mi hapana kiziwi."

Mimi nilikuwa mmoja wa wale wa "tutakuelezea kisha", na nililisikia neno lile likinichoma kama moshi wa kuni mbichi. Siku zote nilidhani baba anapenda kwale. Kumbe alikuwa anapenda siku ile moja ya mwaka ambayo sisi wote tulikuwa kama yeye. Na ndiyo siku waliyotaka kumnyang'anya.

"Ataenda," nikasema. "Na mimi nitaenda naye. Nitakuwa masikio yake."

Mwalimu wa kwaya alinitazama tangu kilemba hadi kandambili. "Mwanamuke wa soko? Weye utaweza kunyamaza?"

"Mi nauzishaka bitenge," nikamwambia. "Mudomo siuzishake."

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Ikakubaliwa hivi: tuende, lakini kwale wakiruka tena kwa sauti ya baba, mwaka ujao atabaki nyumbani, na hakuna atakayenung'unika. Nilimweleza baba kwa vidole. Alikubali kwa kichwa, akaenda kukata nyasi mbichi ya kuzibia kengele.

Tulipanda wakati ukungu unaanza kuachia mlima. Nilimshika baba mkono, tukaelewana: nikibana, funga mdomo. Juu kule kulikuwa na shamba la ngano lililovunwa na nyasi ndefu pembeni. Wanaume walisimamisha wavu bila neno. Baba alinyoosha vidole kumwambia kaka yangu asogee, kaka akasogea. Akapunga kiganja, watu wazima wenye wake na pikipiki wakachuchumaa. Sijawahi kumwona baba akisikilizwa hivyo nyumbani, na nilifurahi mpaka nikaogopa kuwa nitacheka kwa sauti, mimi niliyekuja kumnyamazisha mwingine.

Mbwa aliingia kwenye nyasi. Mara mkia ukakaza. Baba akapiga magoti, akachomoa nyasi kwenye kengele, na badala ya kuitupa akaitia mdomoni mwake yote, akaiuma kwa meno. Akanikonyeza. Kengele imezibuliwa, mzee amezibwa.

Kengele ikaanza, ko-ko-ko, kavu, ya mti. Kwale walitoka wakikimbia na vifua mbele, kama mama wa sokoni walioona mvua. Niliona mashavu ya baba yanavimba. Niliona koo linapanda. Nilibana mkono ule mpaka kucha zangu zikaingia. Nyasi ilitetemeka kwenye meno yake, machozi yakamtoka, lakini sauti haikutoka. Wavu ukaanguka na ndege ndani yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu: watu walirukaruka, wakakumbatiana, wakapiga vifua, na bado hakuna aliyefungua kinywa, maana kulikuwa na kundi jingine mteremko wa pili.

Kwenye mteremko wa pili kengele ilizibwa upya, wavu ukasimama vizuri. Mbwa akakaza mkia. Baba akazibua kengele, akajaza nyasi kinywani. Kwale wakaanza kukimbia. Na hapo mwalimu wa kwaya, aliyekuwa ameshika mti wa mwisho wa wavu, akagundua kuwa amesimama juu ya siafu, na kwamba siafu wameshapita magoti.

"YESU WANGUUU!"

Sauti safi, ya juu, iliyofundishwa. Kwale wote wakaruka, wakavuka kichwa chake na kupotea bondeni.

Baba hakusikia kitu. Aliona tu ndege wako hewani. Kwanza alinitazama kwa hofu, akajigusa mdomo kuhakikisha: nyasi iko. Kisha akamtazama kila mtu, mmoja mmoja, mpaka akamfikia mwalimu wa kwaya anayerukaruka akikung'uta suruali yake. Mkuki kwa nguruwe! Baba alitembea taratibu mpaka kwake, akaitoa ile nyasi kinywani, imelowa mate, akamkabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka.

Mwalimu aliitazama. Akamtazama baba. Halafu akafungua mdomo, akaiuma nyasi ile.

Tulianguka chini kwa kicheko. Kaka yangu alilala kwenye nyasi akipiga ardhi kwa ngumi.

Mchana ule mama alipika kwale kwa vitunguu, na bugali ya moto. Uani palijaa watu, kila mmoja akimkatiza mwenzake kusimulia habari ya siafu. Baba alikaa pale pale juu ya kinu, anaangalia vinywa. Nilikuwa nainuka kwenda kumweleza, ndipo mwalimu wa kwaya akachomoa nyasi nyingine kwenye kengele ya mbwa na kuiuma. Akamgeukia kaka yangu, akamwomba chumvi kwa vidole. Kaka akaelewa. Naye akamwomba mama pilipili kwa kukunja uso. Wa tatu akaeleza siafu kwa mikono, wanavyopanda, walipofika. Ikawa hata neno moja halisemwi tena uani, hata watoto wakafunga midomo.

Baba alitazama huku na huku, akacheka, akaanza kusimulia uwindaji wote tangu ukungu mpaka siafu. Alisimulia kwa sauti yake yote, jirani wa ng'ambo wakasikia, na hakuna mtu aliyembana mkono.