Losheni ya Uji Mbele ya Wakwe

Wacha nijicheke mwenyewe kabla hamjaanza: mimi, Wanja wa Runyenjes, mtengenezaji wa losheni, nimewahi kukimbizwa na mbuzi mbele ya wakwe, na makosa yote yalikuwa yangu.

Losheni naitengeneza jikoni kwangu, na ndani huwa naweka vipande fulani vyeupe, kama mshumaa uliokunwa. Aliyetufundisha alisema hiyo ni alkoholi ya mafuta (msishtuke, hailewi mtu wala haikaushi ngozi, mimi mtu wa kanisa niliuliza mara mbili), kazi yake ni kuipa losheni uzito, kulainisha ngozi na kusaidia mafuta na maji yasiachane. Sasa ndugu yangu Munene alikuwa anapeleka mbuzi za ruracio, yaani mahari, Kiritiri, kwa kina Wawira, mchumba wake, na mama ya Wawira alikuwa mgumu ajabu, ametuma ujumbe kwamba akiona mbuzi za njaa atazirudisha na Munene asahau harusi. Nikasema huyo mama nitamlainisha na losheni. Siku tatu kabla ya safari nafungua mkebe, vipande vimeisha! Kwenda Embu mjini nikaona uvivu, nikajiambia, si ni uzito tu unatakikana? Nikapika uji wa unga wa mahindi, nikauchuja, nikaukoroga na mafuta, na jamani, ilitoka nyeupe, inang'aa, nikajisifu peke yangu.

Kumbe uji ni uji. Kufika Kiritiri na lile joto, chupa zimevimba, nafungua moja inasema pwaa, harufu ya kuchacha (nikamwagia manukato haraka haraka). Tulikuwa tumejaa vumbi, tukapewa maji ya kunawa miguu, nami kwa madaha nikapitisha losheni yangu, shangazi zetu wakajipaka, mama ya Wawira akajipaka mpaka magotini, mimi nikajipaka hadi mabegani ili waone mfano.

Munene akafungulia mbuzi ili wazee wazikague. Zikanusa hewa. Ya kwanza ikaenda moja kwa moja kwa mama ya Wawira ikaanza kumlamba mguu, akapiga nduru, akahama kiti, ikamfuata, zingine zikaingia kwa shangazi, shangazi wakapanda juu ya viti na vilemba vyao, na beberu moja kubwa likanichagua mimi. Nilizunguka hema la wageni mara mbili, kiatu kimoja kikabaki nyuma, watoto wananishangilia.

Mzee msemaji wa kina Wawira akasimama, amekasirika kweli. "Munene! Mbuzi wa kulamba watu? Mmewanyima chakula siku ngapi? Mnatuletea njaa hapa kwetu?"

Wawira alikuwa mlangoni, machozi yanamlengalenga. Hapo ndipo roho iliniuma, kwa sababu zile mbuzi zilikuwa zimeshiba kabisa, na mimi ndiye nilijua.

"Mzee, nisamehe," nikasema, beberu linanilamba kiwiko. "Mbuzi hawana njaa. Ni losheni yangu. Nilikosa dawa ya kuifanya nzito, nikaweka uji."

"Umeweka nini?"

"Uji, mzee. Wa mahindi."

Mama ya Wawira akainua mkono wake, akaunusa, halafu (naapa) akauonja.

"Imekosa sukari," akasema.

Wueh! Watu walianguka! Mzee msemaji alicheka mpaka akashikilia nguzo ya hema, na mama ya Wawira, huku akijipangusa machozi, akasema mbuzi waingizwe zizini, amewapokea, lakini huyu dada yenu mpelekeni akaoge. Wawira akanikumbatia hivyo hivyo na uchachu wangu, na sasa ni wifi yangu, nampenda.

Lakini nimeapa. Vipande vikiisha, jiko nafunga. Na losheni yoyote mpya, kabla sijampa mtu, najipaka miguuni kwanza halafu napita polepole mbele ya mbuzi wa jirani.