Mihogo Yangu Katika Mfereji wa Godelieve

Godelieve hakunipenda, nami sikumlilia. Alikuwa mkunga wa kijiji chetu, mlimani juu ya mji wa Baraka, na kila asubuhi alitupa magunia yangu ya mihogo nje ya mfereji kana kwamba ni mizoga. Ningeiloweka wapi kwingine? Mfereji ulikuwapo kabla ya gurudumu lake.

Gurudumu lenyewe lilikuwa la mbao, dogo tu. Maji yaliliendesha, nalo likazungusha dinamo iliyotolewa kwenye lori bovu. Uani alikuwa na paneli ya jua, aliyoigeuza mchana kutwa kulifuata jua na kuipangusa vumbi kama sahani ya mgeni. Vyote viwili vilijaza betri moja, na betri ikawasha taa ya chumba cha uzazi. Kiangazi mto ukikonda, paneli ilifanya kazi. Mawingu ya mvua yakifunga, gurudumu lilishika zamu. Ukimwomba akuchajie redio, alikutazama mpaka ukasahau ulichofuata.

"Batri ukiikamua yote, inakufa," alisema, basi.

Mwaka wa pili wa vita, siku ya mawingu mazito, wenye bunduki walikuja kutafuta umeme wa redio yao ya mawasiliano. Paneli waliing'oa mara moja. Kisha wakataka betri. Ndani ya chumba cha uzazi, jirani yetu Émilienne alikuwa ameshikwa na uchungu. Godelieve akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hapa banaume habaingie. Hata baba ya mutoto haingie. Unataka kupita, unipige kwanza."

Mkubwa wao akasita. Labda aliogopa mkosi. "Basi ile dinamo ya mu maji iko wapi?"

Nilikuwa uani, nimesikia yote. Paneli imekwenda, betri iko nusu. Bila dinamo Émilienne angezalia gizani. Nikakimbia mferejini, nikafunika dinamo kwa beseni, nikalundika magunia yangu yote juu yake na juu ya gurudumu, yaliyooza zaidi nikayaweka mbele. Walipofika, harufu iliwapokea.

"Iko nini humu?"

"Mihogo, mukubwa. Ingiza mukono uone kama imelainika."

Hakuingiza. Wakateremka zao na paneli, mmoja akitema mate njia nzima. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Godelieve akaja mbio. Shukrani? Thubutu!

"Mama Fabien, toa mihogo yako! Taa inaanza kufifia!"

Tukaitupa nje pamoja, mara hii sikugombana. Gurudumu likaguna, likazunguka.

Jioni mtoto wa kike alilia chini ya taa ile. Nilichungulia nje: wale watu walikuwa bado kwenye barabara ya chini, na dirisha letu ndilo pekee lililowaka mlima mzima.  Nikavua kitenge changu nilizibe dirisha wasituone.

Godelieve akaninyang'anya, akamfunika mtoto.

"Huyu ndiye anasikia baridi," akasema. "Bale, acha baone."