Nilikwenda Kuoshwa Nuksi Nisiyokuwa Nayo

Jamani, kosa ni langu. Aliyenichafulia jina ni msimamizi wangu, sikatai, lakini mimi ndiye niliyewafanya watu wamwamini. Jina langu niacheni nalo, huku Masumbwe tunajuana.

Nilikuwa naosha mchanga wa dhahabu kwenye mwalo wa kuoshea wa tajiri mmoja, mzee mwema tu. Msimamizi alitaka nafasi yangu ampe shemeji yake. Kunifukuza bila sababu hakuweza, akatafuta neno. Dhahabu ilipopungua akaanza kuwanong'oneza wachimbaji: "Yule mama ana nuksi. Akigusa mchanga wenu, dhahabu inakimbia."

Nuksi! Kwa mchimbaji, heri uitwe mwizi. Wenzangu wakaacha hata kula na mimi.

Mama Kulwa, tuliyekuwa tunaosha naye, ndiye pekee aliyenisogelea. "Mayu, mama yangu, nenda kwa tajiri. Msimamizi aitwe, aseme mbele yako ni dhahabu ya nani uliyoifukuza. Usinyamaze!"

Sikumsikia. Niliogopa, halafu moyoni nilishaanza kujiuliza, labda ninayo kweli! Nikamchukua binti yangu, tukaenda kwa mganga upande wa Kahama kuoshwa dawa. Mtoto hakutaka. "Mama, mimi nimefanya nini?" Nikamwambia anyamaze, nuksi hukamata nyumba nzima. Ee Mungu wangu, mdomo huu!

Kumbe mchimbaji wetu mmoja alikuwa pale pale kwa mganga, kafuata dawa ya mali. Kesho yake mwalo mzima ulijua. Msimamizi akacheka mbele ya watu: "Si niliwaambia? Asingekuwa nayo, angeoshwa nini?"

Tajiri akaniita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anaangalia pembeni.

"Mama, maneno yao nilikuwa siyaamini. Lakini umekwenda mwenyewe. Sasa wachimbaji nitawaambia nini?"

Nikakusanya vyangu, nikaondoka. Shemeji mtu akakaa mahali pangu.

Kazi ningeisahau, vibarua vya mpunga vipo. Lakini binti yangu alikuwa kachumbiwa na kijana wa Mhunze, na ng'ombe wa mahari walishakubaliwa. Maneno yakafika hadi huko! Wazee wao wakatuma mtu kusema wanaahirisha kidogo. Hawajarudi tena, na kijana kaoa kwingine.

Juzi nilimkuta binti yangu anapepeta mchele, nikamwomba msamaha. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Aliuliza tu, "Wale waliambiwa na watu. Wewe uliyenizaa, uliamini vipi?"

Nililia mpaka nikaishiwa nguvu.

Ndugu yangu unayesingiziwa na mkubwa wako wa kazi, nakusihi, mwite mbele ya watu na mbele ya tajiri athibitishe, hata kama sauti inakutetemeka. Usiende kujisafisha uchafu usio wako. Na kama huna budi kwenda, basi mtoto wako mwache nyumbani.