Fundi Aliyeitwa Mzururaji

Mume wangu walimkamata akiwa amekaa kwenye cherehani. Naanza na hilo kwa sababu walisema alikuwa anazurura. Mtu ameinamia suruali ya mteja, mguu uko kwenye pedali, halafu unamwita mzururaji!

Ilikuwa miaka ile ya kukosa sabuni, kukosa sukari, kukosa hata uzi. Alikuwa akishonea kwenye baraza ya duka moja Kariakoo. Siku ile mgambo walishuka wakidai vitambulisho vya kazi. Wenye ofisi walikuwa navyo. Fundi wa barazani angepewa na nani? Wakampakia kwenye karandinga pamoja na wauza karanga na wachukuzi wa sokoni, wakaambiwa wanapelekwa vijijini wakalime. Mimi nilifika na chakula chake cha mchana, nikakuta suruali ya watu bado imenasa kwenye sindano.

Nikaenda polisi. Nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Kila mmoja alinielekeza kwa mwenzake. Jumapili nikapeleka kilio changu kanisani. Mzee mmoja wa kanisa akanishika bega.

"Shukuru kwa yote, mama. Huu ni mpango wa Mungu."

"Wa Mungu au wa mgambo?"

"Usikufuru!"

"Basi kaupokee na wewe, mzee. Au una kitambulisho mfukoni?"

Akina mama wakanivuta nje. Niliapa sirudi tena pale.

Katika nyumba tuliyopanga, chumba cha pili alikaa bibi mmoja mjane, Mkristo wa Kusini, muuza mihogo. Alinikuta uani nafua kwa majani ya mpapai, maana sabuni haikuwapo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umesali leo?"

"Sisali. Nimemkasirikia Mungu."

"Sasa mbona unaniambia mimi? Si umwambie mwenyewe?" Akavuta kigoda akaketi. "Nilipomzika mume wangu nilimgombeza Mungu mpaka sauti ikakauka. Hakunipiga. Asubuhi nikaamka nina nguvu za kuwasha moto. Nikajua kanisikia."

Alipoondoka nilimwambia Mungu yote, nafikicha nguo huku nasema. Nikamuuliza alikuwa anatazama wapi karandinga lilipopita. Nikamwambia kama huo ndio mpango wake, ni mpango mbaya. Sikusikia jibu. Ila nilipomaliza kuanika, kifua kilikuwa chepesi, na kesho yake nikaenda barazani nikakaa kwenye cherehani.

Wanaume walicheka. Wacheke. Kitambaa kipya hakikupatikana, kwa hiyo nilifumua kola za mashati zilizochakaa, nikazigeuza upande wa ndani ukawa nje, nikazishona upya. Kazi ikaja. Mgambo nao wakaja tena. Mmoja akasimama mbele yangu.

"Kitambulisho?"

"Hiki hapa!" Nikalipiga cherehani kofi. "Mwenyewe mlishamchukua. Na mimi nichukueni, muwalee watoto."

Akanitazama, akatema mate, akaenda zake.

Asubuhi moja nikajikuta naimba wimbo wa kanisani, pedali ikifuata. Nikaudhika. Naimbaje, na mume wangu sijui kama yu hai? Nikaukatiza, lakini utulivu ulionijia nao haukuondoka. Sikuwa nimeyakubali waliyotutenda. Hasira ilikuwepo, palepale. Ila sasa nilikuwa na Mungu wa kumpelekea kila siku, naye hakunifukuza. Jumapili nikarudi kanisani, nikakaa benchi la mbele. Yule mzee akaangalia pembeni.

Mume wangu alirudi baada ya mavuno, amekonda, malaria imemla, nyayo zimepasuka. Watoto walimkimbia kwanza, hawakumjua. Alipokwisha kuoga akasema, "Nimewasamehe, mke wangu. Ningewabeba moyoni nisingeweza kuinua jembe."

"Mimi bado, baba."

Nilidhani atanihubiria. Akacheka, mara ya kwanza tangu aingie.

"Basi tusali hivyohivyo."

Tukapiga magoti kando ya kitanda. Yeye akashukuru, mimi nikashtaki, amina tukaitikia pamoja. Kisha akauliza kama kuna chakula. Kulikuwa na ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, na mchicha. Aliula wote, akakwangua na ukoko.