Dole Gumba Kutoka Mwakitolyo

Kila asubuhi, kabla sijatia uzi kwenye cherehani, nilimtumia rafiki yangu neno moja: mwangaluka, salamu yetu Wasukuma. Mimi ni fundi nguo Buseresere. Yeye anachimba dhahabu Mwakitolyo. Tulikulia pamoja Songwa, tukichunga ng'ombe wa baba zetu, na tangu tuachane njia simu ndiyo imetuunganisha. Saa moja haikupita kabla hajanijibu kwa picha ya dole gumba. Nikiliona, naweka simu kando. Mzima, basi. Ulipita mwaka sijasikia sauti yake, wala sikuona kilichopungua. Nilijisifu hata kwa wateja kwamba mimi situpi marafiki.

Siku nilipokwenda Shinyanga kununua vitambaa, niliona nipitie kwake. Machimboni nikaelekezwa kwa mama anayewapikia wachimbaji. Kando ya jiko lake kulikuwa na beseni limejaa simu.

"Shikamoo mama," nikasema, nikamwonyesha picha ya rafiki yangu.

"Marahaba. Huyo yuko duarani, atapanda jioni."

Duara ni shimo la kuchimbia. Huko chini mtandao haufiki na maji yanaharibu simu, kwa hiyo kila anayeshuka humwachia mama huyo simu yake. Nikamwambia mbona asubuhi ileile alikuwa amenijibu.

"Kumbe wewe ndiye wa Buseresere," akasema. "Nakujibu mimi, baba. Nawajibu wote. Mtu akikaa kimya, ndugu zake wanadhani duara limemfukia, wanakuja hapa na vilio." Kisha akashusha sauti. "Na mkewe alipofariki, ulipata habari?"

Sikuwa nimepata. Mama akanieleza kwamba wakati wa palizi rafiki yangu aliitwa kutoka duarani, akapakiwa kwenye pikipiki na matope yake, akaenda kumzika mkewe Songwa. Simu ilibaki kwenye beseni. Alikuwa amemwomba mama awape habari rafiki zake, lakini mama hakuthubutu. Kwetu habari ya kifo huletwa na ndugu, na yeye si ndugu. Salamu zangu zilipoingia, aliona si adabu kuziacha bila jibu. Wiki nzima ya msiba nilipokea dole gumba, nikaendelea kushona.

Jioni rafiki yangu akapanda, vumbi mpaka kwenye kope. Tukashikana mikono.

"Nilikungoja siku tatu," alisema. "Kila pikipiki iliyoingia uani, nilijua ni wewe."

"Sikujua."

"Mama aliniambia hukuacha kusalimia hata siku moja."

"Kweli. Nilikuwa nasalimia."

Akacheka kidogo, mimi nikashindwa. Niliona aibu. Ningeweza kumlaumu mama, lakini yeye alimfahamu rafiki yangu kuliko mimi. Alijua hata chakula anachobakiza. Mimi nilitosheka na dole. Kabla sijaondoka, rafiki yangu alimgeukia mama akamwambia, "Huyu usimjibu tena."

Siku hizi natuma mwangaluka, halafu kimya. Nashona mchana kutwa roho ikiwa mkononi, na mara mbili nimekosea mikono ya shati kwa sababu hiyo. Jua likishazama, simu inaita.

"Nimepanda," anasema.