Kupasuliwa na Kupasuka

Mtoto wangu wa kwanza alilala ubavu tumboni, kwa hiyo nilipasuliwa. Mimba ya pili ilipokaribia mwisho, daktari wa mji wa Baraka alisema naweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, ila nisibaki kwetu Fizi, ambako mvua ikinyesha barabara inakatika. Nisubiri Baraka, karibu na chumba cha upasuaji.

"Karibu na kule, ya nini?" aliuliza mama mkwe, aliyenisindikiza.

"Kovu ya ndani inaweza pasuka," daktari alijibu. "Haitokeaka sana, lakini inaweza."

"Apasuliwe tena? Si alishapasuliwa, na hakukufa!"

"Hapana, mama. Kupasuliwa, ni munganga anafanya na kisu. Kupasuka, inajipasua yenyewe."

Mama mkwe akacheka. "Ninyi bantu ya masomo! Neno ni ile ile."

Mimi sikucheka. Chuoni nilifundishwa kuchambua vitenzi, na sasa nilichambua hicho kimoja tu. Kwenye kupasuliwa kuna mtu: ananawa mikono, anajua aishie wapi. Kwenye kupasuka hakuna mtu. Nikawa nainama kama niliyebeba chungu chenye ufa. Nikipiga chafya, nashika tumbo. Nilifikiria kumwomba daktari anipasue tu, yaishe, kisha nikakumbuka nilivyoshindwa kumbeba mwanangu wa kwanza kwa maumivu ya kidonda, nikaogopa na hilo pia.

Uchungu ulinikuta asubuhi, tukichagua ndagala, wale dagaa wa ziwani, za kukaanga. Hospitalini mkunga aliweka kiganja juu ya kovu langu.

"Uchungu ikiachia, ni mutoto. Ikibakia pale pale, ni kovu, utuambie."

Tangu hapo sikuogopa uchungu wenyewe; niliogopa mwisho wake. Umeachia? Umeachia kweli, au nimeuzoea?

"Umebaki!" nilipiga kelele.

Mkunga alibonyeza, akasikiliza moyo wa mtoto. "Imeachia, mama. Ni woga ndiyo imebakia."

Nikapiga kelele tena, na tena. Kila mara alibonyeza.

Mtoto alipotoka, sikuuliza ni wa kike au wa kiume. Niliuliza, "Imepasuka?"

"Masikio yetu ndiyo imepasuka," mkunga alijibu, akimweka mtoto kifuani pangu.

Mama mkwe, aliyekuwa nyuma ya mlango, alidaka neno hilo moja tu. Aliingia mbio.

"Imepasuka? Mutoto yangu, imepasuka?"

Hakusema kupasuliwa. Alikuwa ameng'ang'ania ncha ya kitenge chake.