Ubeti Uliobaki Jikoni

Simpendi mwalimu wa kwaya yetu ya zamani pale Vwawa, na sitafuti sababu ya kumpenda. Kila wimbo aliuanzisha juu mno. Alikuwa akikohoa kidogo, anatupa do, noti ya kuanzia, kwa mdomo, kisha anasahau kwamba wimbo una kilima mbele. Mpishi yeyote anajua kosa hilo: ukikoleza chumvi maji yakiwa bado mengi, mchuzi ukipungua hauliki.

Nilimwambia mazoezini, mbele ya watu. Ubeti wa tatu, wa kuimba peke yangu, ulikuwa wangu. Miezi miwili niliufanyia mazoezi huku nikikoroga uji nyumbani.

"Mwalimu, do yako iko juu. Kule mwisho tutapasuka."

"Dada, Jumapili tuna wageni," akajibu bila kunitazama. "Wewe tunakutegemea jikoni."

Ubeti wangu akampa binti mmoja mpole asiyejua kukataa.

Jumapili kwaya za Ihanda na Tunduma zilijaa kanisani. Mimi nilikuwa nyuma ya kanisa, macho yakiniwasha kwa moshi, mbele yangu sufuria mbili za maharage. Chumvi nilikuwa sijatia. Nikasikia kikohozi chake, kisha do. Ilikuwa juu kuliko siku zote, maana alikuwa na watazamaji. Nikajua yule binti ameshapotea kabla hajafungua mdomo.

Ubeti wa tatu ulipofika alipanda, akapanda tena, sauti ikakatika. Mtu alicheka. Nami nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi mpaka mwiko ukanitoka mkononi.

Ibada ilipoisha, mwalimu akamleta yule binti jikoni, uso umemvimba kwa kulia.

"Huyu naye mfundishe kupika," akasema. "Kuimba kumemshinda."

Furaha yangu ikaisha palepale. Binti wa watu hakuwa na kosa. Mimi nilijua tangu do, nikanyamaza. Nikampakulia yeye kwanza, kabla ya wageni. Mwalimu akala amesimama, akasifia chumvi, akaomba aongezewe. Nikamwongezea, nikimchukia kwa kila tonge.

Yule binti hakuimba tena. Mimi ubeti ule bado ninao wote, na do ya wimbo ninaianzia chini, panapostahili. Hadi leo hakuna aliyewahi kuusikia isipokuwa maharage.